Probu inapokataa: fuata waya kwanza, mipangilio baadaye

Ukichonga mfaa wa mlango kwa mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) na biti ya V ya nyuzi 60, yaani ncha ya kukatia yenye umbo la V, kina kikizidi nusu milimita, mstari unapanuka kwa karibu milimita 0.6. Kwenye rafu ya duka hakuna atakayeona. Kwenye nakshi zetu, ambamo jani na jani hutengwa na ukingo mwembamba wa mbao, nusu milimita hiyo inaula ukingo wote, na ubao wa msaji uliokwisha kukatwa kwa vipimo vya mteja haurudi kuwa mzima. Probu ndiyo inayoiambia mashine uso wa ubao uko wapi. Ikisema uongo, kila kinachofuata ni uongo.

Mwongozo huu ni kwa mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba walioingiza ruta za CNC karakanani, hasa zile ndogo na za kati zinazoendeshwa na bodi yenye GRBL 1.1, programu inayogeuza amri kuwa mwendo wa mota. Wenye Mach3, programu nyingine ya kuongozea mashine kutoka kwenye kompyuta, nao watajiona humu. Probu ninayoizungumzia zaidi ni ile tuliyonayo wengi: kibati cha chuma kinachowekwa juu ya ubao, waya wake, na waya wa pili wenye kibanio cha meno kinachoshika biti.

Nikiitwa kwenye karakana ya mtu kwa sababu probu imegoma, mara nyingi nakuta mipangilio ya programu imeshageuzwa huku na huku, na hakuna anayekumbuka ilikuwaje mwanzo. Kosa lenyewe liko kwenye kibanio au waya. Kwa hiyo naomba tukubaliane jambo moja kabla ya hatua yoyote: usiguse mpangilio hata mmoja mpaka umethibitisha kwa mkono wako kwamba umeme unapita.

Probu yako ni swichi, basi. Bodi inashikilia pini moja kwenye volti 5. Biti ikigusa kibati, pini inaunganishwa na upande wa sifuri wa bodi, volti inaanguka, na bodi inajua imegusa. Hii ni swichi iliyo wazi muda wote na hufunga inapoguswa tu. Hapo ndipo hatari ilipo: waya ukikatika, swichi haifungi kamwe, na mashine haina njia ya kutofautisha waya uliokatika na biti ambayo bado haijafika. Itaendelea kushuka.

Hatua ya 1: Angalia chuma kinashika chuma

Spindo (mota inayozungusha biti) iwe imezimwa, na inveta yake (kifaa kinachodhibiti kasi yake) ikiwezekana iwe imezimwa pia. Shika kibanio, tazama meno yake. Kwetu hewa ni ya chumvi. Shaba huota kutu ya kijani, na kibanio cha bei rahisi hushika kutu ndani ya wiki chache tu kikikaa karibu na dirisha linaloelekea baharini. Kutu haipitishi umeme vizuri. Piga msasa laini mpaka uone chuma kinang'aa, kwenye meno ya kibanio, kwenye uso wa kibati, na kwenye shingo ya biti pale utakapobana. Biti iliyochonga mbao zenye utomvu huwa na ganda jeusi la utomvu ulioungua. Hilo nalo ni kizuizi.

Kuna mtego mmoja unaowakamata hata mafundi wa siku nyingi. Vibati vingi ni vya alumini iliyopakwa kiwandani ganda gumu la rangi, nyeusi au nyekundu. Ganda hilo si rangi ya brashi, ni oksidi ya alumini yenyewe, na halipitishi umeme. Kibati kilichotengenezwa vizuri huachwa wazi pale panapoguswa. Ukijitengenezea mwenyewe kutoka kwenye kipande cha alumini ulichookota, kwarua uso wote wa juu na wa pembeni utakaoguswa.

Usibane kibanio kwenye mwili wa spindo ukidhani ni sawa na kubana biti. Kati ya mwili na biti kuna beringi na grisi, na kuna spindo zenye beringi za gololi za kauri. Leo itapita, kesho haitapita. Bana kwenye biti yenyewe au kwenye nati ya koleti, kishikio kinachoibana biti.

Hatua ya 2: Fuata waya kwa mita

Chomoa plagi ya probu kwenye bodi. Weka mita (kipima umeme) kwenye alama ya mlio. Ncha moja iguse kibati, nyingine iguse pini ya plagi inayotoka kwenye kibati. Ilie. Fanya hivyohivyo kwa upande wa kibanio. Sasa, wakati mita inalia, kunja waya. Ukunje kila mahali, hasa pale unapotoka kwenye kibati na pale unapoingia kwenye plagi, uvute kidogo, uzungushe.

Nasisitiza kukunja kwa sababu nimelipia somo hili. Masika moja nilikuwa na ubao wa msaji wa bawa la mlango, umeshapigwa randa. Mita ililia vizuri, nikaweka kibati, nikabonyeza. Biti ilishuka, ikagusa, ikaendelea. Kibati kilizama kwenye ubao kwa pembe moja, ncha ya biti ya V ikakatika, na alama ya pembe ile ikabaki katikati kabisa ya sehemu isiyo na nakshi. Nilipopasua waya niliona nyuzi za shaba zimekatika ndani ya ganda, sentimita mbili tu kutoka pale palipochomewa risasi. Waya ukinyooka, ncha zinagusana na mita inalia. Ukipinda kuelekea ubaoni, zinaachana. Risasi inayopanda ndani ya nyuzi huzifanya ngumu, na kila ukikinyanyua kibati zinajipinda palepale zinapoanza kuwa laini. Tangu siku hiyo kila kibati changu nakifunga waya kwa skrubu na kipande cha ganda la mpira, ili mkunjo usikae kwenye risasi.

Mwisho wa hatua hii, gusisha kibati na biti huku kibanio kikiwa mahali pake, mita iwe kwenye ncha mbili za plagi. Usitosheke na mlio, soma ukinzani. Ukiona omu moja au mbili, sawa. Ukiona namba inarukaruka makumi kwa mamia, rudi hatua ya 1, kuna uchafu.

Hatua ya 3: Bodi inaona?

Rudisha plagi. Usiendeshe mashine. Kwenye GRBL tuma alama ya kuuliza, yaani ?, na bodi itajibu mstari mmoja wa hali yake. Gusisha kibati na biti kwa mkono, tuma tena. Safari hii ndani ya mstari lazima uone Pn:P. Ile P ya mwisho ndiyo probu. Achanisha, ipotee. Programu nyingi za kuendeshea GRBL huonyesha jambo hilihili kwa taa ndogo kwenye skrini.

Kwenye Mach3 fungua ukurasa wa Diagnostics, tazama taa iliyoandikwa Digitize. Iwake unapogusisha, izime unapoachanisha. Isipowaka, hakikisha kwenye Ports and Pins, sehemu ya Input Signals, mstari wa Probe umewashwa na umepewa namba ya pini uliyochomeka kweli. Kwenye poti ya zamani ya printa, pini za kuingizia ni 10, 11, 12, 13 na 15 tu. Ukiandika nyingine utasubiri taa hiyo mpaka Magharibi.

P haionekani na mita ilikuwa inalia? Pima volti kati ya pini ya probu na sifuri ya bodi, kibati kikiwa hakijagusa. Kwenye bodi za aina ya Arduino Uno pini hiyo ni A5. Unatakiwa uone karibu volti 5, na ukigusisha iwe sifuri. Ikiwa ni sifuri muda wote hata plagi ikichomolewa, pini huenda imeungua. Hilo hutokea zaidi kwa wanaochomeka probu ya volti 24 kwenye pini ya volti 5 bila optokapla (kitenganishi cha umeme kinachopitisha ishara kwa mwanga) katikati. Tafadhali soma volti ya probu kabla ya kuichomeka.

Hatua ya 4: Ikiwa inasema imegusa wakati haijagusa

Hapa ndipo mpangilio wa kugeuza maana ya mguso unapohusika. Kwenye GRBL ni $6. Kwa kibati iwe $6=0. Kwa probu ambayo swichi yake imefungwa muda wote na hufunguka inapoguswa, iwe $6=1. Kwenye Mach3 ni alama ya Active Low kwenye mstari uleule wa Probe. Badilisha mara moja, pima kwa mkono, na andika kwenye daftari ulichobadilisha.

Lakini kabla ya kugeuza, nyanyua kibati hewani uone. Nimeshakuta kibati kimelazwa juu ya kitanda cha alumini ambacho kimeungana na sifuri ya bodi kupitia fremu. Hapo kibati kinagusa kweli, probu haidanganyi. Mbao mbichi nayo hupitisha umeme kidogo, na ikilala juu ya kitanda cha chuma inaweza kuivuta ile volti 5 chini. Kama unachonga alumini au shaba, acha kibati kabisa: unganisha waya wake na kipande chenyewe, na unene uandike sifuri.

Hatua ya 5: Amri ya kwanza, kibati kikiwa mkononi

Usijaribu kwa mara ya kwanza juu ya ubao. Pandisha spindo juu kabisa, shika kibati mkononi kikiwa mbali na ncha ya biti, kidole kingine kiwe juu ya kitufe cha kusimamisha. Tuma amri hizi, yaani: tumia milimita, hesabu kuanzia ulipo, shuka kwenye Z (juu-chini) mpaka iguse au ifike milimita 20 kwa mwendo wa milimita 50 kwa dakika, kisha rudi kwenye hesabu ya kawaida:

G21
G91
G38.2 Z-20 F50
G90

Mashine inapoanza kushuka, gusisha kibati kwa ubavu wa biti. Lazima isimame papo hapo. Fanya mara tatu. Isiposimama hata mara moja, bonyeza kitufe na urudi nyuma. Kitu ulichokipita hakikuwa sawa.

Alamu mbili utakutana nazo. ALARM:4 maana yake probu ilishakuwa imegusa kabla safari haijaanza: angalia hatua ya 4. ALARM:5 maana yake imesafiri umbali wote uliouruhusu bila kugusa chochote. Hii wakati mwingine si kosa, ulianzia juu mno tu. Usiitibu kwa kuandika Z-100. Umbali mfupi ndio kinga yako siku waya utakapokatika. Shusha biti kwa mkono mpaka milimita 10 juu ya kibati, kisha ruhusu 15 au 20. Alamu zote mbili hufunguliwa kwa $X.

Hatua ya 6: "Fundi, mbona inasimama hewani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa na kijana wangu wa karakana, na limetuchukua siku mbili. Probu inagusa vizuri kwa mkono, inaonyesha P, halafu ukiiendesha inasimama sentimita moja juu ya kibati na kujiandikia sifuri hapo. Ukiianzisha kazi, biti inachonga hewa. Mara nyingine inafanya sawa mara kumi mfululizo.

Hizi ni kelele za umeme. Waya wa probu ni mrefu, pini yake imeshikiliwa na rezista dhaifu iliyo ndani ya bodi, kati ya kilo-omu 20 na 50, kwa hiyo waya wote unakuwa kama antena. GRBL haisubiri kuthibitisha mguso. Mshtuko mfupi kabisa unaishia kuhesabiwa kuwa ni mguso. Kwetu, waya wa probu ulikuwa umefungwa pamoja na nyaya za mota za hatua kwenye mnyororo mmoja, mita mbili nzima, na jirani alikuwa na mashine ya kulehemu kwenye laini ileile. Kila alipogusisha fimbo, probu yetu nayo ikagusa.

Anza na cha bure. Toa waya wa probu kwenye mnyororo, upitishe njia yake, mbali na nyaya za mota na mbali zaidi na kebo ya spindo. Panapolazimu kupishana, zipishane kwa pembe mraba. Sokota waya wa kibati na wa kibanio pamoja mpaka karibu na mwisho.

Haikutosha? Tumia kebo yenye wavu wa kukinga, na wavu huo uunganishe na athi upande wa bodi tu. Ukiuunganisha pande zote mbili unatengeneza duara la kupitishia kelele, na hali inaweza kuwa mbaya kuliko mwanzo. Kisha chomea kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya pini ya probu na sifuri, karibu kabisa na bodi, na rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya pini na volti 5. Vitu hivi viwili ni vya bei ndogo, unaweza kuving'oa hata kwenye redio mbovu, na kwetu ndivyo vilivyomaliza kazi. Kwenye Mach3 jaribu kwanza kuongeza namba ya Debounce kwenye General Config, kidogo kidogo.

Halafu kuna athi yenyewe. Inveta na fremu ya mashine lazima viwe na athi ya kweli. Kwa wenzetu wa maeneo ya mawe, kama Makunduchi na Jambiani, fimbo ya athi haizami kirahisi kwenye matumbawe na ardhi yake ni kavu, kwa hiyo usiamini kwamba tundu la tatu la soketi limeungwa na kitu. Mwite fundi umeme mwenye kipimo cha athi aipime. Hili si la probu peke yake, ni la uhai wa anayeshika mashine.

Hatua ya 7: Inagusa sawa lakini kina hakiko sawa

Sababu tatu, na ya kwanza ni unene wa kibati. Usiamini kilichoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji. Pima kwa kalipa mahali penyewe panapoguswa, mara tatu, kisha andika namba hiyo. Kama kibati ni milimita 19.05, amri baada ya kugusa ni:

G10 L20 P1 Z19.05

Pili, vipimo. Programu ikiwa kwenye G20 inasoma inchi, na inchi ni milimita 25.4. Ndiyo maana makro yangu (orodha ya amri niliyoihifadhi) huanza na G21, hata kama mashine imewashwa nayo tayari. Na kama sifuri inapotea kila umeme ukikatika, tazama kama makro yako inatumia G92. Hiyo ni ya muda. G10 L20 huandika kwenye kumbukumbu ya bodi na inabaki. Lakini nafasi ya mashine haibaki, kwa hiyo umeme ukishakatika ni lazima uirudishe mashine mahali pake pa kuanzia kwa swichi za mwisho, au upime upya.

Tatu ni mwendo, na wengi hawaifikirii. Mashine ikishagusa haisimami palepale. Inapunguza mwendo kwanza. Chukua mashine yenye mchapuko wa milimita 50 kwa sekunde kwa sekunde. Ukishuka kwa F300, inapitiliza robo milimita baada ya kugusa. Ukishuka kwa F30, inapitiliza milimita 0.0025, haionekani. Kwa hiyo gusa mara mbili: ya kwanza F100 ili kutafuta, panda milimita 2, ya pili F30 ndiyo ya kuandika.

Kona na probu za gololi

Kwa kibati cha pembe kinachopima X na Y pia, hesabu inaongeza nusu ya kipenyo cha biti. Ukuta wa kibati milimita 10, biti ya milimita 6, ukigusa kutoka kushoto unaandika X-13. Aliyeandika X-16 ameweka kipenyo kizima, na kazi yake yote imehama milimita 3. Zungusha biti kwa mkono ili makali yake, si bonde lake, ndiyo yaguse ukuta. Biti ya V usiitumie hapa, kipenyo chake kinabadilika kila unapopanda. Weka pini ya chuma iliyonyooka kwenye koleti, pima kona, kisha rudisha biti ya V na upime Z peke yake.

Probu za gololi ya yakuti, zinazobanwa kwenye koleti na kugusa kwa kigololi cha nchani, wachache wanazo hapa, kwa hiyo nitasema mawili tu. Swichi yake kwa kawaida imefungwa muda wote, na waya ukikatika mashine inakataa kuanza badala ya kushuka. Hiyo ndiyo sababu nzuri ya kuinunua. Na kabla ya kuitumia, weka geji ya saa kwenye gololi, zungusha spindo kwa mkono taratibu, kaza na legeza skrubu zake ndogo nne mpaka mshale usichezeke zaidi ya milimita 0.01 au 0.02. Chomoa waya wa umeme wa spindo kabla ya kuitia kwenye koleti. Spindo ikizunguka na probu ndani, imekufa.

Kabla ya kuwasha spindo

Tafuta kipande cha chuma au cha mbao ngumu unachokijua unene, tuseme milimita 5 kwa kalipa. Ondoa kibati. Pandisha mpaka Z20, kisha shuka kwa mwendo mdogo mpaka Z5, kidole juu ya kitufe. Pitisha kipande chini ya ncha. Kikipita kwa kukwaruza kidogo, uko sawa. Kikipita bila kugusa kitu au kikakataa kuingia, rudi kupima unene wa kibati. Kisha toa kibanio kwenye biti, kitundike kwenye sumaku yake ukutani mahali unapopaona ukiwa umesimama kwenye kitufe, na ndipo uwashe.